Unakwenda kisiwani kwa mashua? Anza kupanga namna ya kurudi

Kila likizo inapokaribia kuna swali linalorudi kliniki kwangu. Mzazi amemaliza kueleza habari za mtoto, ameshika kadi yake, na akiwa mlangoni anageuka: "Daktari, Jumamosi tunakwenda kisiwani kwa mashua. Kuna dawa ya kichefuchefu?"

Dawa ipo, na nitaieleza hapa chini. Ila siku hizi mzazi huyo namrudisha kwanza kwenye kiti. Namuuliza: mtoto akiugua mkiwa kule, mtarudi na chombo gani, saa ngapi, na mtampeleka wapi? Wengi hawana jibu. Simlaumu mtu, kwa sababu kuna siku mimi mwenyewe sikuwa nalo.

Ilikuwa Mafia, miaka kadhaa iliyopita. Tulifikia Utende, na asubuhi moja tukapanda mashua ya tanga kwenda kisiwa kidogo cha Juani kuona magofu ya mji wa kale wa Kua. Chombo hufika Kua vizuri maji yakiwa yamejaa. Nahodha alitueleza mapema: "Tusichelewe, mama. Maji yakipwa, tutakaa." Tulichelewa. Watoto walikuwa wanakimbizana kwenye magofu, nami nilikuwa napiga picha. Tuliporudi ufukweni, mashua ilikuwa imelalia tope.

Binti yangu, wakati huo ana miaka sita, ana pumu. Alianza kwa kukohoa, kisha kifua kikaanza kulia. Nikaingiza mkono kwenye mkoba. Pampu yake haikuwamo. Nilikuwa nimeiacha Utende, juu ya meza ya chumbani, nilipokuwa natafuta mafuta ya kujikinga na jua. Kwa ramani ni kilometa chache tu. Kwa saa ile, ilikuwa ni kusubiri bahari irudi.

Nilimkalisha wima, nikamwegemeza kwa mbele kidogo, nikamtuliza. Shahada yangu ya udaktari haikuwa na kingine cha kumpa. Aliyetuokoa ni mzee mmoja aliyekuwa ameketi na nahodha. Alisikiliza kile kifua, akasema, "Mwanangu, mke wangu ana maradhi hayo hayo." Akamtuma kijana kijijini. Alirudi anahema, na pampu ya bluu mkononi.

Tangu siku hiyo nina kanuni moja ya safari za visiwani: panga kurudi kabla ya kupanga kwenda.

Umbali wa kisiwani haupimwi kwa kilometa

Mjini, ukiambiwa hospitali iko kilometa 10, unajua utatumia muda gani. Kisiwani umbali hupimwa kwa maji na upepo. Katika pwani yetu maji hujaa mara mbili na kupwa mara mbili kwa siku, na nyakati hizo husogea mbele kwa takriban dakika 50 kila siku. Saa iliyowafaa jana haitawafaa keshokutwa. Siku za bamvua, yaani mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu, bahari hujaa sana na kupwa sana, na sehemu iliyokuwa na maji ya kuogelea asubuhi inaweza kuwa mchanga mtupu mchana.

Upepo nao una majira yake. Kusi huvuma kwa nguvu katikati ya mwaka, hasa Juni hadi Agosti, na kaskazi hushika mwishoni mwa mwaka hadi mwanzoni mwa mwaka unaofuata. Mamlaka ya Hali ya Hewa hutoa utabiri wa upepo na mawimbi. Usome asubuhi ya safari, kisha umsikilize nahodha. Akisema leo hatuendi, mshukuru, wala usimwongezee fedha ili abadili mawazo.

Kabla ya kulipa, muulize nahodha mambo haya: maji yanapwa saa ngapi? Upepo ukikata, kuna mashine? Jaketi okozi zipo ngapi, na za watoto zipo? Mtu akiugua, ni chombo gani cha haraka kinaweza kuitwa, na kwa namba gani? Jaza majibu kwenye karatasi, pamoja na jina la zahanati iliyo karibu na hospitali inayofuata. Kwa safari yetu ile, hospitali ya wilaya iko Kilindoni, mwendo wa gari wa takriban kilometa 15 kutoka Utende, na hapo ni baada ya kuvuka bahari. Nakala ya karatasi hiyo mwachie mtu aliyebaki nchi kavu, na umwambie saa mnayotarajia kurudi. Msipoonekana, yeye ndiye atakayepiga simu ya Zimamoto na Uokoaji, namba 114.

Nani angoje safari nyingine

Mtoto mwenye homa au anayeharisha leo, abaki. Mwenye pumu aliyebanwa, mwenye kifafa aliyeanguka, au mwenye siko seli aliyelazwa katika wiki chache zilizopita, amwone daktari wake kwanza. Mjamzito aliye katika miezi ya mwisho, au aliyeambiwa ana presha ya ujauzito, au aliyewahi kutokwa na damu katika ujauzito huu, asiende mahali ambapo kurudi kunategemea maji kujaa. Kichanga nacho kibaki nyumbani, kwa sababu ni vigumu kupata jaketi okozi linalomkaa sawasawa.

Mkoba wa dawa hauwekwi chini

Dawa za kila siku, za presha, sukari, kifafa, ARV au kifua kikuu, beba za siku za safari pamoja na akiba ya siku tatu au zaidi. Zigawe katika mifuko miwili, kila mmoja kwa mtu wake, ndani ya mfuko wa plastiki usioingiza maji. Mkoba wa dawa za dharura unavaliwa mwilini. Hauachwi chumbani, wala hauwekwi chini ya mizigo mbele ya mashua.

Mwenye kutumia insulini asiiweke juani wala asiigusishe na barafu, maana ikiganda imeharibika hata kama baadaye itayeyuka. Chupa iliyokwisha kufunguliwa huweza kukaa nje ya friji kwa takriban wiki nne ikiwa joto halizidi nyuzi 30. Ifunge kwenye kitambaa, uiweke ndani ya chungu kidogo kilichokaa kwenye mchanga uliolowa, kivulini. Beba sukari au juisi kwa ajili ya sukari kushuka. Mwenye kisukari akitapika, asiache insulini kwa kuwa hajala. Huo ni wakati wa kupima sukari mara kwa mara na kuanza kurudi.

Mwenye siko seli anywe maji mara kwa mara, na akilowa abadilishwe nguo mapema. Kukaukiwa na maji na kupigwa na baridi ni njia mbili za kuamsha maumivu.

Kwa pumu, nieleze tulichofanya Juani, kwani kinamsaidia pia mtoto asiyeweza kuvuta pampu vizuri. Nilichukua chupa ya plastiki ya maji ya nusu lita, nikatoboa kitako chake tundu la kutosha mdomo wa pampu kuingia kwa kubana. Pampu ikatikiswa, mtoto akaweka mdomo wa chupa kinywani, nikabonyeza mara moja, naye akavuta na kutoa pumzi taratibu mara tano. Kisha nikabonyeza tena, moja moja, mara 4 hadi 6. Baada ya dakika 20 tukarudia. Mtoto ambaye hawezi kumaliza sentensi, mbavu zinazama ndani akivuta pumzi, au midomo inabadilika rangi, endelea kumpa dawa huku mnaelekea hospitali.

Kichefuchefu

Hutokea pale sikio la ndani linaposema tunayumba huku macho, yaliyoinamia simu au sakafu ya mashua, yakisema tumetulia. Kwa hiyo tiba ya kwanza ni macho: kaeni katikati ya chombo, tazameni mbali pale bahari inapokutana na mbingu, simu ziwekwe mfukoni. Kula kidogo kabla ya safari, kitu kikavu kisicho na mafuta. Chai ya tangawizi huwafaa baadhi ya watu.

Dawa humezwa saa moja au mbili kabla ya kupanda, si baada ya kuanza kutapika. Promethazini asipewe kamwe mtoto wa chini ya miaka miwili, kwani inaweza kumzuia kupumua. Sinarizini asipewe wa chini ya miaka mitano. Zote hulevya usingizi. Mtu mzima aliyepangiwa kuwaangalia watoto majini asizimeze, au kazi hiyo apewe mwingine.

Maji na jua

Jaketi okozi huvaliwa kabla ya mashua kuondoka. Lijaribu: mfunge mtoto, kisha mnyanyue kwa kushika mabega ya jaketi. Likipanda hadi masikioni, ni kubwa, na majini litamtoka.

Mtoto anayezama mara nyingi hapigi kelele. Hunyamaza. Mtoeni majini, kama hapumui, mlaze chali mahali pagumu, inua kidevu, mpulizie pumzi tano, kisha bonyeza katikati ya kifua mara 30 kwa haraka na kupuliza mbili, mkiendelea hivyo. Usimning'inize kichwa chini wala kumkamua tumbo, huko ni kupoteza muda. Akizinduka, bado apelekwe hospitali.

Ukiwa baharini jua hukupiga toka juu na toka chini, kwa sababu maji huurudisha mwanga. Vaa mikono mirefu na kofia ya kufungwa kidevuni. Kwa mwenye ualbino hili ni sharti, pamoja na losheni ya kinga kama ile inayotengenezwa KCMC, Moshi. Akichomwa na yavuyavu, mtoe majini na usisugue. Akichomwa na mwiba wa taa, tumbukiza sehemu hiyo kwenye maji ya moto yanayovumilika kwa nusu saa au zaidi. Maji hayo yajaribu kwanza wewe kwa mkono wako, kisha nendeni kituoni, kwani mwiba huweza kubaki ndani.

Mezani kisiwani

Visiwa vidogo vingi vina shida ya maji baridi. Beba ya kwako, au chemsha, au tumia vidonge vya klorini. Weka pakiti za ORS na vidonge vya zinki mkobani.

Nina ombi moja la uzito. Mkikaribishwa nyama ya kasa, kataeni kwa heshima. Machi 2024, katika kisiwa cha Panza, Pemba, watoto wanane na mtu mzima mmoja walifariki baada ya kuila, na wengine 78 walilazwa. Novemba 2021, huko huko Pemba, watu saba walifariki, mmoja wao mtoto wa miaka mitatu. Si kila kasa ana sumu, na hakuna wa kukuonyesha mwenye nayo. Kuipika hakuiondoi, haina dawa ya kuivunja, na mama aliyekula anaweza kumpitishia mtoto kwa maziwa yake.

Mkisharudi

Mkilala kisiwani, laleni ndani ya chandarua chenye dawa. Homa inayokuja wiki moja, mbili au hata mwezi baada ya safari, msiiite uchovu. Nendeni mkapime malaria siku hiyo hiyo, na mwambieni mhudumu mlikuwa wapi, hasa mnaoishi mikoa ya baridi ambako malaria ni nadra.

Siku ile ya Juani maji yalirudi jioni, tanga likapandishwa, tukavuka. Binti yangu alilala mapajani mwangu, kifua kimetulia. Njiani ndipo nilipokumbuka jambo ambalo hofu ilikuwa imelificha: dawa tuliyoitumia ilikuwa ya mgonjwa mwingine, mama mtu mzima anayeishi hapo, na ambaye maji humpwea kila siku. Kesho yake nilinunua pampu mbili Kilindoni, nikamkabidhi nahodha ampelekee yule mzee. Alinitumia salamu kwamba zimefika, na swali: mtoto anaendeleaje?

Anaendelea vizuri, mzee. Siku hizi pampu yake anaivaa shingoni mwenyewe.

Nawe msomaji, usiku wa kabla ya safari, kabla ya kufunga mabegi, andika ile karatasi. Safari njema.