Jirani mgeni akilazwa, wewe ndiye ndugu yake

Wiki hii tuzungumzie jambo ambalo nyumba nyingi za Kasulu na Kibondo zimelipitia. Jirani yako si mwenyeji. Huenda ni mwalimu aliyehamishiwa kutoka Tanga, fundi kutoka Unguja, au ni Mrundi au Mkongo aliyevuka mpaka akitafuta usalama. Usiku homa inampanda, anakimbizwa hospitali na kulazwa. Asubuhi nani atampelekea uji?

Tunazijua wodi zetu. Muuguzi atatoa dawa na kuchoma sindano, lakini kupika, kufua, kumwogesha mgonjwa na kutafuta dawa iliyokosekana ni kazi ya jamaa. Asiye na jamaa hushinda na njaa huku kitanda cha pili kimezungukwa na mabakuli. Na akipewa rufaa kwenda Maweni, mjini Kigoma, kutoka Kibondo ni zaidi ya kilomita 200. Nani atafuatana naye?

Allah (s.w.) katika Sura An-Nisaa, aya ya 36, ametuamrisha wema kwa jirani aliye ndugu, jirani asiye ndugu na msafiri. Mtume (s.a.w.) alikwenda kumtazama kijana wa Kiyahudi aliyekuwa akimtumikia alipougua. Na Saad bin Muadh (r.a.) alipojeruhiwa katika vita vya Khandaq, Mtume (s.a.w.) alimpigia hema msikitini ili awe karibu naye. Basi tusiulize kabila wala dini ya jirani kabla ya kumsaidia.

Cha kufanya siku ya kwanza

Jitambulishe kwa muuguzi kuwa wewe ni jirani, na uache namba yako ya simu. Peleka kadi yake ya bima kama anayo, kadi ya kliniki na dawa zote alizokuwa akitumia nyumbani, hata zile za miti shamba, maana daktari anahitaji kujua. Tafuta namba ya ndugu zake uwaarifu. Kama ni Mrundi asiyejua Kiswahili, Muha yeyote anaweza kumsaidia kueleza maumivu yake, kwani Kiha na Kirundi vinakaribiana sana. Lakini mkalimani aelewe kuwa ugonjwa wa mtu ni siri yake. Msikitini tunamwombea dua, hatutangazi anaumwa nini.

Kisha pangeni zamu. Mmoja apeleke chakula asubuhi, mwingine jioni, na mwingine aangalie watoto waliobaki nyumbani. Mwanamke ahudumiwe na wanawake, mwanamume na wanaume. Msijazane kitandani, wawili wanatosha. Wodi za watoto huhitaji damu mara kwa mara kwa sababu ya malaria. Mwenye afya njema, umri wa miaka 18 hadi 65 na uzito usiopungua kilo 50 anaweza kuchangia. Mwanamume kila baada ya miezi 3, mwanamke kila baada ya miezi 4.

Chakula na usafi

Muulize muuguzi kwanza kama mgonjwa anaruhusiwa kula. Anayesubiri upasuaji hapewi kitu, na mwenye kisukari ana chakula chake. Pika siku hiyo hiyo, funika vizuri, peleka kingali cha moto. Kilichokaa zaidi ya saa mbili bila kuwa moto kisiachwe kabatini mwa mgonjwa. Maji yawe yamechemshwa.

Nawa mikono kwa sabuni unapoingia wodini, baada ya kumhudumia mgonjwa na unapofika nyumbani. Usikae kwenye kitanda cha mgonjwa mwingine, wala usimpeleke mtoto mchanga wodini.

Tusisahau mwezi wa Mei mwaka 2015, kipindupindu kilipozuka Kagunga, kando ya Ziwa Tanganyika, miongoni mwa wakimbizi kutoka Burundi. Watu wapatao 3,000 waliugua na zaidi ya 30 wakafariki. Kwa hiyo nguo zenye kinyesi au matapishi usizifue mtoni wala kisimani. Zilowekwe kwenye maji ya klorini kama wauguzi watakavyoelekeza. Kwa mwenye kifua kikuu, madirisha yawe wazi na uvae barakoa. Na ukiambiwa usimguse mgonjwa, tii. Ugonjwa wa Marburg ulizuka Kagera, mkoa jirani, mwaka 2023 na tena mwaka 2025, nao huambukiza kwa kugusa majimaji ya mwili. Hapo msaada wako ni kuleta vitu mlangoni, kupiga simu na kuomba dua.

Swala ya mgonjwa

Jirani Muislamu mkumbushe swala kwa upole. Asiyeweza kusimama ataswali ameketi, asiyeweza kuketi ataswali amelala ubavu. Ambaye maji yatamdhuru atatayamamu. Usimwoge wala kumlowesha kidonda kabla ya kumuuliza daktari.

Ndugu msomaji, leo wewe ni mwenyeji. Kesho mwanao atapangiwa kazi Mtwara au atakwenda Muscat kutafuta riziki, naye atalazwa kwenye wodi asikojua mtu. Anza leo: ijue namba ya simu ya jirani yako mgeni na ya ndugu yake mmoja, uiandike kabla hajaugua.

Wabillahi tawfiq.