Mtufaha Katika Ua wa Nyumba

Tufaha, ambalo wengi wetu huliita kwa jina la Kifaransa pomme, huuzwa katika masoko ya Lubumbashi. Lakini limesafiri mbali, mara nyingi kutoka Afrika Kusini kupitia Kasumbalesa, na bei yake huwashinda wazazi wenye watoto wengi. Basi watu huuliza: Je, hatuwezi kulipanda wenyewe? Yawezekana, ndugu wasomaji, ila yatupasa kwanza kuijua tabia ya mti huu.

Watoto huzika mbegu ya tufaha koponi, nayo huota kweli. Lakini mti wa mbegu hauzai tunda kama lile lililoliwa, tena waweza kukaa miaka 6 hata 10 bila kuzaa. Kwa hiyo wakulima hutwaa kikonyo, yaani kijiti chenye macho, cha mti mwema, wakakiunganisha na shina la mche mwingine. Mche huo huzaa katika mwaka wa 2 au wa 3. Msiutupe basi mche wa mtoto: waweza kuwa shina la kuunganishia.

Tena mtufaha ni mti wa nchi za baridi. Macho yake hulala, wala hayaamki sawasawa mpaka yamepata saa nyingi za baridi iliyo chini ya digrii 7. Aina nyingi za Ulaya hutaka saa 800 na zaidi. Mji wetu u karibu mita 1,200 juu ya bahari. Usiku wa Juni na Julai baridi hukaribia digrii 7, lakini mchana jua hurudisha joto. Chagueni basi aina zisizotaka baridi nyingi: Anna, iliyozalishwa Israeli, na Dorsett Golden, iliyotoka visiwa vya Bahamas. Zipandeni zote mbili karibu, ili nyuki wachukue chavua ya mti mmoja na kuipeleka kwa mwingine.

Huko Batu, katika kisiwa cha Java, wakulima hupukutisha majani kwa mikono baada ya mavuno, na mti huamka ukatoa maua. Nasi tufanye vivyo: Juni tupunguze maji, mwisho wa Julai tuondoe majani, na macho yakivimba tumwagilie sana, maana mvua ingali mbali.

Shimo liwe la sentimita 60 kila upande, lenye samadi iliyooza. Msirundike majani makavu shinani, yasije yakaita mchwa. Nao wakaao kaskazini-magharibi ya tanuru la shaba lililoanza kazi mwaka 1911 walete udongo safi kutoka mbali, kwa kuwa moshi wa miaka mingi uliacha madini ardhini.

Mwenye ua mdogo asikate mwembe wala mparachichi uzaao apate kuupokea mgeni huyu. Miti ile hulisha watoto bila kubembelezwa. Mtufaha hudai maji, mkasi na jicho la mwenyewe kila juma. Aliye na nafasi ya miti miwili na saburi ya miaka mitatu, na ajaribu.