Je, sindano ya homa huleta homa?

Julai ni mwezi wa baridi Ukambani. Ukungu hukaa juu ya milima ya Mbooni na Kilungu hadi jua lipate nguvu, na hata mjini Kitui, ambako watu wamezoea joto, utawaona wachuuzi sokoni wamejifunika shali na sweta. Huo ndio mwezi ambao watu wanaokohoa hujaa katika kliniki yangu tangu asubuhi.

Siku moja ya mwezi kama huo aliingia mama mmoja mwenye duka, aliyepita umri wa miaka 60, ambaye nimemtibu kisukari kwa muda mrefu. Mwaka uliotangulia alikuwa amedungwa sindano ya kukinga homa ya mafua. Nikamwuliza kama yuko tayari kwa nyingine.

“Daktari, hiyo sitaki tena,” akanijibu. “Mwaka jana nilikuja hapa mzima, mkanidunga, nikarudi nyumbani na homa. Mkono uliniuma siku mbili, nikashindwa hata kuinua debe la mahindi.”

“Mwaitu, ulikuwa na kamasi? Ulikohoa?”

“La. Mwili ulikuwa moto tu, na uchovu. Kesho yake jioni nikapata nafuu.”

Foleni ilikuwa ndefu. Nikampa dawa zake za sukari akaenda zake. Wiki tano baadaye jamaa zake walimleta akihema. Mafua makali yalikuwa yameshuka kifuani na kuzaa nimonia. Alilazwa siku 12, sukari ikipanda na kushuka, na duka likafungwa karibu mwezi mzima. Siwezi kuapa kwamba sindano ingemwepusha na hayo, maana hakuna chanjo inayokinga kila mtu. Lakini kosa langu nalijua. Nilimwacha aondoke bila kumweleza lile lililompata mwaka wa kwanza.

NENO MOJA, MAANA MBILI

Hapa kwetu Kenya neno “homa” lina kazi mbili. Mtu mwenye kamasi, chafya na kikohozi husema ana homa. Mtu ambaye mwili wake umepanda joto, iwe ni kwa malaria au kidonda kilichooza, naye husema ana homa. Kwa hivyo anayepata joto kidogo baada ya kudungwa husema, “Sindano ya homa imeniletea homa,” na jirani anayesikia huelewa kwamba ameambukizwa mafua.

Hilo haliwezekani. Chanjo ya mafua inayodungwa mkononi ina virusi vilivyokwisha kuuawa, au vipande vyake tu. Haviwezi kuzaana mwilini wala kumwambukiza mtu. Kazi yake ni kuuonyesha mwili sura ya adui ili askari wake wajizoeze kabla ya vita. Mazoezi hayo ndiyo huleta maumivu mahali pa sindano, wekundu, uvimbe mdogo, na kwa wengine uchovu, kichwa kuuma au joto kidogo. Aghalabu hayo yote huisha kwa siku moja au mbili.

Utafiti mmoja uliofanyiwa wafanyakazi wenye afya njema huko Minnesota, Marekani, na kuchapishwa mwaka 1996, unafaa kukumbukwa. Baadhi walidungwa chanjo ya mafua, wengine wakadungwa maji ya chumvi, bila kujua ni ipi wamepata. Kati ya waliopata chanjo, zaidi ya 6 katika kila 10 waliumwa na mkono. Kati ya waliopata maji ya chumvi, waliolalamikia mkono walikuwa kama mmoja katika kila wanne. Lakini kwa uchovu, joto na maumivu ya mwili, makundi yote mawili yalilingana, kama theluthi moja kila upande. Yaani katika wiki yoyote ile, watu wengi hujisikia vibaya hata wasipodungwa chochote.

Kuna jambo jingine pia. Kinga huchukua kama wiki mbili kujengeka. Ukidungwa leo kisha kesho ukae kwenye matatu kando ya mtu anayekohoa, unaweza kuambukizwa kabla kinga haijafika. Vilevile chanjo hii hukinga virusi vya influenza pekee. Mafua ya kawaida yaletwayo na virusi vingine hayaizingatii kabisa.

TAHADHARI: SI KILA JOTO NI LA SINDANO

Kosa la upande wa pili nalo ni hatari. Kijana mmoja wa Makueni anayefanya kazi Nairobi alidungwa kazini kwake, kisha akaja nyumbani mwisho wa wiki. Siku ya nne alikuwa na joto kali, baridi ya kutetemeka na kutapika. Mkewe alitaka kumleta kwangu. Yeye akasema, “Ni ile sindano tu, itaisha,” akaendelea kumeza tembe za kutuliza maumivu. Alipoletwa siku ya sita, macho yake yalikuwa ya manjano. Nilipomhoji akasema majuma mawili kabla ya hapo alikuwa Kwale kwa mazishi. Kipimo cha damu kilionyesha malaria. Tulimwahi, lakini siku mbili tatu zaidi zingeweza kumtia kaburini.

Kwa hiyo shika kanuni hii. Joto la sindano huanza mapema, huwa dogo, na huondoka upesi. Joto linaloendelea zaidi ya siku mbili, au linaloanza siku kadhaa baada ya kudungwa, litafutiwe sababu nyingine. Nenda ukapimwe.

MADHARA MAKUBWA YAPO

Sitakuficha, msomaji. Madhara makubwa yapo, ingawa ni nadra sana. La kwanza ni mzio mkali, ambao humpata kama mtu mmoja katika dozi milioni moja. Dalili zake ni vipele vinavyowasha mwili mzima, midomo au uso kuvimba, kifua kubana na kizunguzungu. Mara nyingi huanza katika dakika chache za mwanzo, na dawa yake ipo. Ndiyo maana tunakuomba ukae kwenye benchi dakika 15 kabla ya kuondoka. Usitoroke eti gari litakuacha.

La pili ni ugonjwa wa neva uitwao Guillain-Barré, ambao hulegeza miguu kisha hupanda juu. Mwaka 1976 nchini Marekani, chanjo ya mafua ya nguruwe iliyotolewa kwa watu zaidi ya milioni 40 ilihusishwa na ugonjwa huo kwa kiasi cha mtu mmoja zaidi katika kila 100,000, na kampeni ikasimamishwa. Kwa chanjo za mafua za miaka hii, kiasi hicho hakizidi mtu mmoja au wawili katika milioni. Mafua yenyewe pia huweza kuleta ugonjwa huo.

Wengi wenu mnakumbuka pia Machi 2021, chanjo ya Covid-19 ya AstraZeneca ilipoanza kutolewa nchini, na hofu ya damu kuganda iliyofuata. Tatizo hilo lilikuwa la kweli, na nadra mno. Lilijulikana kwa sababu wagonjwa walisema na madaktari wakaandika. Ukipata jambo lisilo la kawaida baada ya chanjo yoyote, mwambie aliyekudunga. Ripoti hupelekwa kwa Bodi ya Famasia na Sumu. Malalamiko yanayobaki sokoni hayamsaidii mtu.

UFANYE NINI?

Kabla ya kudungwa, mweleze daktari kama una joto kali siku hiyo, au kama chanjo iliwahi kukuletea mzio. Dunga mkono usioutumia sana kazini. Baadaye uutumie mkono huo kidogo kidogo, weka kitambaa chenye maji baridi, unywe maji, na ukihitaji umeze parasetamoli. Usikande mahali pa sindano kwa nguvu, wala usipake dawa za kienyeji.

Wanaofaidika zaidi ni wazee, wajawazito, na wenye kisukari, pumu au ugonjwa wa moyo. Shirika la Afya Duniani hukadiria kwamba mafua huua watu kati ya 290,000 na 650,000 duniani kila mwaka. Virusi hubadilika, kwa hivyo sindano ya mwaka jana haitoshi mwaka huu.

Yule mama alirudi mwaka uliofuata. Safari hii nilimweleza yote, foleni ikingoja. Alikunja mkono wa sweta yake, wa kushoto, akasema, “Nidunge huu. Wa kulia ni wa debe.”