Mkono wa Mtoto Aliyeanguka

Leo twataka kusema nanyi juu ya jambo linalojulikana katika kila nyumba yenye watoto: mtoto ameanguka, ameutanguliza mkono chini, naye sasa anakishika kifundo cha mkono akilia.

Nyumbani kwetu mtoto wa miaka saba alianguka kutoka mpera. Tukadhani ameteguka tu. Tukaleta mafuta na maji ya moto, tukamchua jioni mbili, na alipopiga kelele tukamwambia ajikaze kiume. Siku ya tatu tulimkuta anakula kwa mkono wa kushoto, kimya, asimwambie mtu. Hapo ndipo tulipompeleka hospitali, na picha ya eksirei ikaonyesha kwamba mfupa umeumia. Tuliona haya.

Mfupa wa mtu mzima ni kama ukuni mkavu; ukilemewa, hukatika. Wa mtoto ni kama tawi bichi, tena umevikwa utando mnene wenye nguvu. Basi akiuangukia mkono, mara nyingi mfupa ulio upande wa kidole gumba, karibu na kiganja, haukatiki vipande viwili. Hubonyea ukafanya nundu ndogo, kama kopo la bati lililokandamizwa toka juu. Pengine hukatika upande mmoja na kupinda upande wa pili, kama kijiti kibichi. Huo wahitaji uangalizi zaidi, maana waweza kuzidi kupinda.

Damu huganda mahali palipoumia, kisha mwili hujenga hapo kiungo laini ambacho hugeuka pole pole kuwa mfupa. Kwa nundu ndogo, majuma matatu au manne kwa kawaida yatosha. Baadaye, kwa miezi mingi, mwili huendelea kuuchonga mfupa huo hata nundu yenyewe isionekane. Kuchua na kuvuta hakuharakishi lolote katika kazi hiyo. Huongeza maumivu tu.

Mwaka 2022 madaktari wa Uingereza walitoa matokeo ya uchunguzi juu ya watoto 965, wa miaka 4 hadi 15, wenye nundu ya namna hii. Wengine walifungwa kifungo kigumu, wengine walipewa bendeji laini tu. Siku ya tatu maumivu yao yalikuwa sawa, na majuma sita yaliyofuata mikono yao ilifanya kazi sawasawa. Hili lilitushangaza sisi tuliozoea kudhani kwamba dawa isiyo nzito si dawa.

Lakini angalieni: hao walikuwa wamekwisha kupigwa picha. Kwa macho tu huwezi kutenga nundu na mfupa uliokatika kabisa. Na mkono ukiwa umepinda, au kuna jeraha juu ya mfupa, au vidole havisogei, msingoje kupambazuke.

Tena liko jambo la mabanzi. Wazee wetu walijua mengi, wala hatuwadharau. Ila mtoto akifungwa mabanzi na kamba zikakazwa sana, mkono huvimba chini yake na damu hukosa njia. Vidole huwa baridi, hupauka au kugeuka buluu, huingia ganzi, na maumivu huzidi badala ya kupungua. Mtoto aweza kupoteza mkono mzima kwa ajili ya mfupa ambao ungepona wenyewe. Mkiona dalili hizo, legezeni kamba mara moja mkimbilie hospitali, hata ikiwa usiku wa manane. Aliyefungwa plasta naye arudishwe huko huko upesi, ifunguliwe.

Kwa maumivu, mpeni parasetamoli kwa kipimo cha umri wake, na mkono uinuliwe juu ya mto siku za kwanza. Mpira na kupanda miti vingoje mpaka daktari aruhusu. Sisi tulilazimika kuulinda ule mpera kama mahindi yanavyolindwa na ndege.

Dakika zetu zimekwisha. Kwaherini.