Asbesto na Haki ya Fidia kwa Mabaharia wa Ziwa Nyasa: Tatizo la Uthibitisho

Kwa miongo mingi, meli kama MV Iringa na MV Songea zilisafirisha abiria na mizigo kutoka Bandari ya Itungi, wilayani Kyela, hadi Mbamba Bay. Makala hii haitoi hukumu juu ya meli yoyote mahususi. Inafafanua tatizo linaloweza kumkabili baharia wa kizazi hicho anapougua baada ya kustaafu.

Katika karne ya 20, asbesto ilitumika melini ulimwenguni kote kufunikia mabomba ya moto na kutengenezea gasketi. Fundi aliyekata au kukwangua vifaa hivyo ndani ya chumba cha injini alivuta nyuzi zisizoonekana kwa macho. Saratani ya utando wa mapafu inayotokana nazo huweza kujitokeza miaka 20 hadi 50 baadaye.

Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi ulianzishwa kwa Sheria ya mwaka 2008 na kuanza kazi mwaka 2015. Hata hivyo, dai lolote la ugonjwa wa kazini hutegemea uthibitisho wa uhusiano kati ya ugonjwa na kazi. Nchini Marekani, kwa askari wa majini wa zamani, aina ya kazi aliyoifanya mdai melini hutumika kukadiria uwezekano wa kukutana na asbesto.

Kwa hiyo, daftari la mabaharia ni ushahidi wenye uzito sawa na picha ya eksirei: picha huonyesha ugonjwa, daftari huonyesha chanzo chake. Likipotea, mgonjwa hubaki na maradhi yasiyo na mwajiri. Inapendekezwa kumbukumbu hizo zihifadhiwe kwa angalau miaka 50 baada ya baharia kustaafu.