Mlango wa Picha Usio na Komeo

Katika muda wa miaka michache iliyopita imezuka katika mikoa yetu ya Kanda ya Ziwa desturi mpya ya kugawa picha za harusi, mahafali na mikutano. Mpiga picha hagawi tena bahasha. Hubandika mlangoni, au huchapisha juu ya kadi, mraba mdogo wa vidoti vyeusi na vyeupe uitwao msimbo wa QR, na kila mwenye simu janja akiuelekezea kamera yake hufunguliwa picha zote za shughuli, ziwe mia au ziwe elfu. Desturi hiyo imetoka katika kumbi za miji, na sasa imevuka maji mpaka visiwani.

Sisi tuliosoma shule za msingi katika miaka ya 1980 na 1990 hatuna sababu ya kuidharau. Tunakumbuka filamu ya picha 36 ilivyopanda boti kwenda Mwanza kusafishwa, ikarudi baada ya wiki kadhaa, na nusu ya picha zimeingia mwanga. Mjomba aliye Ukara au Maisome alisikia habari za harusi ya mpwa wake kwa masimulizi tu. Leo mjomba yule, akiwa na bando na mtandao ukishika, humwona bibi harusi kabla pilau haijapoa. Hiyo ni neema, na anayeipinga kwa sababu tu ni ngeni anapoteza muda wake.

Hata hivyo hatuna budi kuelewa chombo tunachokitumia. Msimbo huu ulibuniwa nchini Japani mwaka 1994 na mhandisi Masahiro Hara na wenzake wa kampuni ya Denso, kwa ajili ya kufuatilia vipuri vya magari. Miraba mitatu ya pembeni huisaidia kamera kuutambua hata ukiwa umegeuzwa, na ukichafuka au kuchanika kidogo bado husomeka. Tunauona katika risiti za kodi, na Benki Kuu imeweka kiwango kimoja cha taifa, TANQR, kwa ajili ya malipo. Lakini ndani ya mraba ule hamna picha hata moja. Mna anwani tu. Picha zenyewe zimehifadhiwa katika mitambo ya kompyuta iliyo mbali, aghalabu nje ya nchi, na mwenye kuipata anwani, iwapo hapakuwekwa neno la siri, amekwisha kuingia ndani. Haulizwi kama yeye ni shangazi wa bibi harusi au ni mpita njia. Tena akiupiga picha mraba wenyewe na kumtumia mwenzake aliye Kahama, naye wa Kahama ameingia.

Mwezi wa Septemba 2024 nilialikwa kuwa mgeni rasmi katika mahafali ya darasa la saba ya shule moja visiwani. Kijana mpiga picha alibandika msimbo wake katika mlango wa darasa lililofanywa ukumbi, na mimi katika hotuba yangu nikamsifu mbele ya wazazi kwa kwenda na wakati. Nilipigiwa makofi. Usiku, katika nyumba ya wageni, nikaifungua hazina ile mwenyewe. Palikuwa na picha zaidi ya 300. Miongoni mwake saba zilikuwa za binti mmoja mwenye ualbino. Ameshika cheti chenye jina lake kamili, nembo ya shule iko kifuani, na katika picha moja anaonekana na mama yake wakishika njia ya kwenda kwao, milima na miti ya mahali pale ikionekana wazi nyuma yao. Yafaa pia ijulikane kwamba picha ya simu, kama mwenyewe hakuzima kazi ya kutambua mahali, huweza kubeba ndani yake tarehe, saa na mahali ilipopigwa, na kwamba faili likigawiwa kama lilivyo, habari hizo husafiri nalo.

Msomaji wa mbali anaweza kudhani kwamba ninakuza jambo dogo. Msomaji wa Bukombe hatadhani hivyo. Tarehe 23 Septemba 2009, Mahakama Kuu ikiketi Kahama iliwahukumu watu watatu kunyongwa kwa kumwua mvulana mwenye ualbino katika wilaya hiyo, ambayo wakati ule ilikuwa ya Shinyanga na tangu mwaka 2012 imo katika mkoa wa Geita. Uongo kwamba kiungo cha binadamu huleta dhahabu mgodini na samaki wavuni ulipata wateja katika machimbo yetu na katika mialo yetu, na hakuna haja ya kuficha aibu hiyo. Serikali iliwapiga marufuku wapiga ramli Januari 2009, na tena Januari 2015. Watoto wengi walihamishiwa Buhangija, Shinyanga, na Mitindo, Misungwi, wakalelewa kwa usalama lakini mbali na mama zao. Na asidhani mtu kwamba habari hizo zimekwisha: mwezi wa Juni 2024, miezi mitatu tu kabla ya mahafali ninayoyasimulia, mwili wa mtoto asiyetimiza miaka mitatu, aliyeporwa nyumbani kwao wilayani Muleba, mkoa wa Kagera, ulipatikana.

Mwovu wa namna hiyo huhitaji kujua mambo mawili, kwamba mtoto yupo na kwamba anaishi wapi. Zamani alihitaji mtu wa kumwambia. Sisi tulimbandikia mlangoni.

Nilipolieleza jambo hili katika kikao kimoja, ndugu mmoja mwenye nia njema alishauri kwamba watoto hao wasipigwe picha kabisa. Siwezi kukubaliana naye. Binti yule alisoma miaka saba chini ya jua kali, akapata cheti chake kwa haki, na mama yake alimshonea sare mpya kwa siku ile. Kumwondoa katika picha ya darasa ni kumfanyia yeye adhabu kwa kosa la wengine. Linalotakiwa ni komeo. Mpiga picha aweke neno la siri, alitoe kwa wazazi peke yao, picha za kila mtoto ziwe katika fungu la familia yake, na hazina ifungwe baada ya wiki chache wenyewe wakishachukua. Kazi hiyo huchukua dakika chache, na vijana wetu wanaijua vizuri sana, maana simu zao wenyewe wamezifunga kwa alama za vidole.

Kwa upande wa viongozi wa halmashauri na wakuu wa shule, suala hili si la hiari tena. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, inahesabu taarifa za watoto kuwa taarifa nyeti, nayo inataka ridhaa ya maandishi kabla ya kuzitumia. Lakini ni shule ngapi ambazo zimewahi kumpa mzazi karatasi ya kuweka sahihi kabla kamera haijaingia? Tulipokuwa chuoni, maalimu wetu alitufundisha kubisha hodi mara tatu katika nyumba ya mtu, na usipojibiwa urudi ulikotoka. Fomu ya ukurasa mmoja ingetosha kuwa hodi hiyo, nayo ni jambo ambalo Ofisa Elimu anaweza kuliagiza kwa barua moja, bila kusubiri bajeti.

Asubuhi yake nilimtafuta kijana. Alifadhaika, akafunga hazina papo hapo na kuubandua mraba. Kwa bahati mbaya wazazi wawili watatu walikuwa wamekwisha kupakua picha zote, na msimbo wenyewe ulikuwa umezunguka katika makundi ya simu tangu jioni. Kisha tukaenda pamoja kwa yule mama kumweleza na kumwomba radhi. Alitusikiliza mpaka mwisho. Simu yake ilikuwa ya kitochi, isiyosoma mraba wowote.

"Baba," akasema, "hizo picha mnazozisema, mimi bado sijaziona hata moja."

Zilichapishwa mjini Geita, zikamfikia kwa boti baada ya siku nne, saba zote, ndani ya bahasha ya kaki.