Kupima Rangi ya Mchele

Watu wa Shinyanga, Kahama na Geita hulima mpunga mbugani, na mara nyingi sokoni huzuka ugomvi: muuzaji asema mchele wake ni mweupe, mnunuzi asema ni wa manjano, ashushe bei. Dhahabu ya Geita haiuzwi kwa kukisia, bali kwa mizani. Rangi nayo yaweza kupimwa.

Katika maabara kiko chombo chenye taa. Nuru yake huangukia mchele, na jicho la chombo hupima nuru inayorudi. Jibu hutolewa kwa hesabu tatu, kwa kanuni iliyokubaliwa na wataalamu wa mataifa mwaka 1976. Ya kwanza ni weupe, tangu 0 kwa cheusi kabisa hata 100 kwa cheupe kabisa. Ya pili ni wekundu au ukijani. Ya tatu ni umanjano au ubuluu.

Lakini kati ya punje mna nafasi zitiazo kivuli. Kwa hiyo mpimaji hulinganisha chombo kwanza kwa kigae cheupe, akajaza kikombe cha kioo kwa kimo kile kile, akakifunika nuru ya nje isiingie, akapima mara kadhaa huku akikigeuza, kisha akatwaa wastani.

Mchele hugeuka manjano hasa mpunga mbichi ukirundikwa ukapata joto. Basi, wakulima, anikeni mpunga upesi baada ya kuvuna. Wala tusisahau: mchele uliokobolewa mno huwa mweupe sana, lakini vitamini zake nyingi zimekwenda na pumba.